Risasi zilizosahaulika: kwa nini kila mwindaji anakimbilia .375 na .300 wakati 9.3x62 ipo?

#1 Mtoto wa Bwana Nyama
Wakuu, habari za humu.

Marehemu baba yangu alikuwa Bwana Nyama, yaani askari wa wanyamapori, upande wa Manyoni na Rungwa. Mwezi uliopita tulifungua sanduku lake la bati. Chini ya makoti ya kaki kulikuwa na kopo la Blue Band lenye risasi kumi na moja zilizoviringishwa kwenye kipande cha kanga. Shaba imeota kutu ya kijani, vichwa vyake ni butu na vinene kama ncha ya kidole gumba. Kwenye kitako cha moja nikasoma 9,3x62, yaani kipenyo milimita 9.3, ganda milimita 62. (Kabla hamjaanza: nilipiga picha, kesho yake nikazisalimisha kituoni. Picha nimeweka chini.)

Mimi nina leseni ya .30-06 (hizi zinazoanza na nukta ni kipenyo kwa inchi) na nataka bunduki ya pili. Kila ninayemuuliza jibu ni lile lile: chukua .375, au kama ni swala tu chukua .300 Win Mag. Nikasoma kidogo, nikaona hii 9.3x62 Mauser aliitengeneza 1905 mahsusi kwa Afrika. Imeua kila kitu kuanzia digidigi mpaka tembo. Sasa mbona hakuna anayeitaja? Nadai kwamba hii ndiyo risasi iliyosahauliwa kuliko zote nchini, na wazee walioibeba hawakuwa wajinga. Nipingeni.

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje wajuvi. Nimekaa na karanga zangu.

#3 Kirungu
Mkuu, haijasahaulika, imekufa. Nenda duka lolote la silaha Dar, ulizia 9.3 uone muuzaji atakavyokutazama, kama umeulizia tairi la Morris Minor. Bunduki isiyo na risasi ni mwiko wa ugali, tena mwiko wa kilo nne. Chukua .375, lala usingizi.

#4 Dakta Baruti
Mleta uzi, sahihisho dogo. Si Mauser aliyeitengeneza. Ni Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka huo huo 1905. Jina la Mauser limekuja kwa sababu risasi ilipimwa iingie kwenye mtambo wa kawaida wa Mauser 98, ule ule wa bunduki ya jeshi, bila kuchonga chochote cha ziada. Siri yote ilikuwa hapo. Mkulima wa Kijerumani wa Usambara au Kilimanjaro hakuwa na pesa ya kununua bunduki ya mitutu miwili ya Kiingereza. Fundi alichukua mtambo wa kawaida, akafunga mtutu mnene, mtu akapata bunduki ya kumkabili nyati yenye risasi tano kwenye magazini kwa bei ya kibinadamu.

Kichwa kina gramu 18.5 (greni 286) na kinatoka kwa mita 720 hivi kwa sekunde. .375 H&H (Holland & Holland) ilikuja 1912, ganda lake lina urefu wa milimita 72 badala ya 62, kwa hiyo inadai mtambo mrefu, na mtambo mrefu ni pesa. Kipenyo cha 9.3 ni inchi .366. Kipenyo cha .375 ni milimita 9.5. Yaani watu wanagombana kwa unene wa nywele mbili.

#5 Mzee wa Rungwa
Vijana shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi nipeni marahaba yangu.

Nimebeba bunduki za wageni, kisha nikawa msoma nyayo, jumla miaka thelathini na moja. Kirungu, hiyo iliyokufa mimi nimeiona ikifanya kazi. Alikuja mgeni mmoja wa Kijerumani, mzee mwenye suruali ya ngozi hadi magotini, na 9.3 ya babu yake. Kitako kimeunganishwa kwa waya wa shaba. Mwindaji bingwa wetu akaniangalia, nikamwangalia. Siku ya tatu tukamkuta pofu, yule swala mkubwa, dume, kwenye miombo, hatua sitini hivi, ameweka bega nyuma ya mti nusu. Mzee akapiga. Ule mlio haupasui masikio kama hizi zenu mpya, ni kishindo kizito, kama mtu kaangusha gunia la mahindi. Pofu akatembea. Sikusema akakimbia. Akatembea hatua kama arobaini, akasimama, akapiga magoti ya mbele. Basi.

Msimu huo huo mgeni mwingine alimpiga pofu kwa .300, bega lile lile nilivyoona mimi. Tulimfuata tangu saa tatu asubuhi mpaka jua linazama. Risasi ilikuwa imepasukia juu ya mfupa.

#6 Wakili wa Porini
Marahaba kwako mzee. Lakini mzee umeruka jambo. Kwa nyati, huyo Mjerumani alitumia nini?

#7 Mzee wa Rungwa
Ee, hapo umenikamata. Kwa nyati alipewa .375 ya kampuni. Askari wa wanyamapori aliyekuwa nasi alikataa katakata ile 9.3. Mzee wa watu alinung'unika kwa Kijerumani siku mbili.

#8 Wakili wa Porini
Ndiyo jibu la uzi mzima hilo. 9.3x62 haikuuawa na duka, iliuawa na kanuni. Sisi kwa wanyama hatari tunaanzia .375, na .366 ni ndogo kuliko .375. Mwanasheria hahesabu nywele. Ukitaka bunduki moja ifanye yote unalazimika kuruka 9.3, hata kama mnyama hajui tofauti.

Zimbabwe wameandika vingine: kwa nyati na tembo wanataka kipenyo kisipungue milimita 9.2 na nguvu isipungue kilojuli 5.3 mdomoni mwa mtutu. Ile 9.2 iliwekwa wazi kabisa ili 9.3 ipite. Namibia hawaangalii kipenyo, wanahesabu juli tu: 5,400 kwa nyati, 2,700 kwa swala wakubwa, 1,350 kwa wadogo.

#9 Dakta Baruti
Wakili, twende na hesabu basi. Gramu 18.5 kwa mita 720 ni juli 4,800 hivi. Haifiki 5,300. Zimbabwe wamefungua mlango wa kipenyo wakaacha komeo la nguvu, kwa hiyo mwenye 9.3 anatafuta risasi zilizojazwa kwa nguvu zaidi ya zile za kale. .375 yenye gramu 19.4 kwa mita 775 inatoa 5,800. Unene ni nywele mbili, nguvu ni juli elfu moja.

#10 Kirungu
Fizikia ya kidato cha tatu imenifuata mpaka humu. Nilidhani tuliachana kwa amani.

#11 Binti Sikonge
Mnaongelea mabomu tu. Mimi nina kilo 54 na nimeanza kuwinda na baba nikiwa na miaka kumi na tisa. Bunduki ya kwanza niliyopewa ilikuwa .30-06 nyepesi yenye darubini. Nikaisogeza jicho karibu, nikapiga, ukingo wa darubini ukanichana juu ya nyusi. Kovu ninalo, mpaka leo watu wanadhani ni ndoa. Baada ya hapo nilikuwa nafumba macho kabla ya kufyatua. Swala pala watatu niliwakosa mfululizo, na mmoja nilimjeruhi, tukamtafuta mpaka usiku.

Baba akaazima 7x57 ya rafiki yake. Risasi ya 1892, jamani, umri wa bibi wa bibi yangu. Teke lake ni la mtoto. Niliacha kufumba macho, na kongoni wangu wa kwanza niliyempiga kwa mita 90 alianguka ndani ya kivuli chake. Kwangu mimi hii ndiyo iliyosahaulika, siyo 9.3. Risasi bora ni ile usiyoiogopa.

#12 Msukuma Mbishi
Si ndiyo ile yule Mzungu wa Karamoja alimaliza tembo elfu? Nimesikia alikuwa anatumia .22.

#13 Ngoja Waje
Chai hii ina sukari nyingi.

#14 Dakta Baruti
.22 hapana. W.D.M. Bell, Mskoti, ndiye waliyemwita Karamojo kwa sababu ya Karamoja ya Uganda. Tembo wake ni zaidi ya elfu moja, na kama 800 aliwapiga kwa 7x57, ambayo Rigby wa London waliiuza kwa jina la .275. Alitumia vichwa vya solidi, yaani vigumu visivyofunguka, vya greni 173 na alikuwa anapiga ubongo. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno aone ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Kwa hiyo alichokuwa nacho ni ramani. Bunduki ilikuja nyuma ya ramani.

#15 Mzee wa Rungwa
Na tembo wa siku hizo alikuwa bado hajaujua mlio wa bunduki, anasimama kukusikiliza. Waliomwiga Bell kwa bunduki ndogo wengine hawakurudi kusimulia. Binti yangu wa Sikonge, wewe kaa na kongoni na tohe. Umesema kweli kuhusu kuogopa, wageni wengi wakubwa wakubwa nimewaona wanafumba macho.

#16 Kaka Laikipia
Hamjambo ndugu zangu wa kusini. Kwetu Kenya hii ni mada ya makumbusho, uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, tukabakiwa na ndege tu. Lakini nilikulia kwenye shamba karibu na Nanyuki ambako babu alikuwa mpishi, na kwenye meza ya mwenye shamba risasi za .318 Westley Richards zilikuwa zinashikilia makaratasi yasipeperuke. Vichwa vyake virefu kama penseli iliyochongwa. Babu alisema hiyo ndiyo ilikuwa bunduki ya kila siku, pundamilia, pofu, hata simba, na .404 Jeffery ilitoka tu siku ya nyati.

Nafikiri mnakosea kutafuta sababu kwa sheria. Risasi hizi za Kiingereza zilikuwa zinatengenezwa na kiwanda cha Kynoch, na Kynoch waliziacha kuelekea 1970. Mtu ana bunduki ya thamani ya ng'ombe ishirini, na risasi zimebaki tisa. Angefanyaje? Akanunua .375 na .458 za Kimarekani ambazo zinapatikana. Halafu 1977 ikafika, soko la kwetu likafungwa kabisa. Nani angeendelea kutengeneza?

#17 Wakili wa Porini
Hilo linaeleza .318. Halielezi 9.3, maana 9.3 haikuacha kutengenezwa hata siku moja huko Ulaya.

#18 Mpare wa Umeå
Nathibitisha la namba 17. Niko Uswidi mwaka wa kumi na mbili. Huku 9.3x62 siyo mzimu, inauzwa kwenye duka moja na viatu vya mpira na chambo za samaki. Wanapiga nayo nguruwe pori na yule mnyama wao mkubwa wanayemwita *älg*, mwili kama pofu, pembe kama makoleo mawili. Timu yetu ya kijijini ina watu tisa, wanne wana 9.3. Wazee wawili bado wanatumia 6.5x55, risasi nyembamba ya karne ya kumi na tisa, na hawana habari na mtu. Nilipowaambia nimetoka Tanzania mmoja akaniambia "basi hii 9.3 ni ya kwenu". Nikaona aibu kumwambia kwetu haijulikani.

#19 Kirungu
Mpare, Desemba ukija kula Krismasi weka maboksi mawili katikati ya majaketi.

#20 Mpare wa Umeå
Nikale Krismasi Segerea? Asante.

#21 Bucha Kwanza
Mimi si mwindaji, nina bucha la nyamapori lenye kibali. Nitasema lililo mezani kwangu. Swala pala aliyepigwa na hizi risasi za kasi kwa karibu, bega lote ni jeli. Unakata, unakata, damu iliyoganda imeingia mpaka katikati ya nyuzi za nyama, na mteja hataki. Kwa mnyama mdogo hivyo, bega moja likienda na faida imeenda. Kuna bwana mmoja ananiletea nyama wa leseni yake, anatumia bunduki ya zamani ya kizee, sijui ya namba gani. Tundu la kuingilia dogo, la kutokea kama shilingi mia. Nyama yote nzima. Huyo akija nampa chai.

#22 Dakta Baruti
Mkuu wa bucha kanisaidia kusema. Vichwa vingi vya softi vimetengenezwa vifunguke ndani ya mipaka fulani ya kasi. .300 inatoka kwa mita 900 kwa sekunde. Ukimpiga mnyama mita 300, kasi imepungua na kichwa kinafunguka vizuri. Ukimpiga mita 50 kwenye miombo, kinapasuka juu juu. Hicho ndicho kilichomtokea yule pofu wa Mzee wa Rungwa. Wanaotangaza .300 wanapigia milimani na kwenye mbuga wazi. Sisi huku Tabora na Rukwa tunaona mita ngapi? Mia moja ni bahati.

Kitu cha pili: chukua uzito wa kichwa, gawanya kwa kipenyo mara kipenyo, wenye fani hupima kwa pauni na inchi. 7x57 ya greni 173 inatoa .306. 9.3 ya greni 286, .305. .375 ya greni 300, .305. Angalieni zilivyolingana! Wazee wa Ujerumani na Uingereza walifika mahali pamoja bila kuulizana: kichwa kirefu, kizito, kinachokwenda taratibu, kinazama moja kwa moja. .318 ya Kaka Laikipia ni .328, ndiyo maana vichwa vyake ni penseli. .300 yenye greni 180 ni .271.

#23 Msukuma Mbishi
Nabisha. Tia greni 220 kwenye .30-06 ya mleta uzi na hiyo hesabu yako inazidi zote tatu. Ana risasi ya 1906 mkononi, inapatikana kila duka, halafu anatafuta mchumba kaburini. Na mkitaka iliyosahaulika kweli ni .303. Mark 4, zile bunduki za jeshi la Kiingereza, zimejaa vijijini zenye leseni halali, watu wanaona aibu nazo.

#24 Mzee wa Rungwa
.303 haina kosa, kosa ni kichwa. Watu walikuwa wanapiga kwa zile za jeshi zilizofunikwa shaba mpaka puani. Zinapita kwa mnyama kama sindano kwenye kanga, anakimbia kilomita mbili anafia kwa fisi. Zile za softi za greni 180 zilikuwa kitu kingine. Kuzipata sasa, sijui wewe unazipata wapi.

#25 Msukuma Mbishi
Mzee, hapo ndipo Kirungu anaposhinda. Sina.

#26 Fundi Kitako
Samahani nachelewa. Nafanya ukarabati wa vitako, nataka kuwaonya mnaopenda za kale. 8x57 ziko za aina mbili. Ya mwanzo ya 1888 mtutu wake ni wa kichwa cha milimita 8.08. Mwaka 1905 Wajerumani wakabadilisha kuwa 8.22, hiyo ndiyo yenye herufi S kwenye ganda. Risasi ya S inaingia kwenye chemba ya bunduki ya kale bila kukugomea, halafu unalazimisha kichwa kinene kupita kwenye mtutu mwembamba. Bunduki ya urithi kama haina S, usipige mpaka mtutu upimwe. Nimeletewa moja, mlango umeganda na kitako kimepasuka kwa urefu. Mwenyewe macho yake mazima kwa neema tu.

#27 Kaka Laikipia
Hizo za Wajerumani zilifikaje nyingi hivyo kwenu? Vita?

#28 Dakta Baruti
Vita ya Kwanza ya Dunia na mashamba. Lakini msidhani jeshi lao lilikuwa na za kisasa zote. Mwaka 1914 kombania nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871 za baruti nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi linasimama juu yako kama bango. Baada ya Waingereza kushindwa Tanga Novemba ile, askari wakaokota mamia ya bunduki na risasi mamia ya maelfu. Kisha Aprili 1915 meli Rubens ikaja na shehena, ikashambuliwa na kuzamia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wakazama kutoa mzigo. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, zifungwe upya.

#29 Kirungu
Kwa hiyo hata 1915 kulikuwa na shida ya kupata risasi. Hoja yangu ina miaka zaidi ya mia.

#30 Mtoto wa Bwana Nyama
Nimecheka hapo. Asanteni wote, nimesoma kila bandiko.

Kuhusu .404: mzee alisimulia kwamba alipoajiriwa alizikuta ghalani, bunduki nzito za idara za kufukuzia tembo wa mashambani. Greni 400, zinakwenda polepole, lakini hakuna aliyezilalamikia. Baadaye zikaja .458 na wote wakazishangilia, bunduki mpya, bei nafuu. Siku moja alimpiga tembo aliyekuwa anakula mtama, mlio ukawa hafifu, puu, kama chupa ya soda. Tembo akageuka. Mzee hakuwahi kumaliza hadithi hiyo akiwa ameketi, alikuwa anasimama.

#31 Dakta Baruti
Hiyo inajulikana dunia nzima. .458 ilitolewa 1956, ganda fupi la milimita 63.5, na ili wafikie kasi waliyoitangaza walishindilia baruti. Kwa miaka na joto baruti ikawa inagandamana kama chumvi ya mvua, inaungua nusu. Za leo zimerekebishwa. Lakini ile .404 ya ganda kubwa lenye nafasi, msukumo mdogo hata juani, iliondolewa ikapisha kitu kilichokuwa na tatizo. Kwa sababu ya bei tu.

#32 Wakili wa Porini
Kanuni, bei, Kynoch, matangazo. Kila mmoja ana muuaji wake.

#33 Binti Sikonge
Mleta uzi, umeamua? Julai inakaribia.

#34 Mtoto wa Bwana Nyama
Kuna muuzaji mmoja amesema anaweza kuniagizia 9.3 kama nitachukua maboksi kumi na kulipa yote kwanza. Bei aliyoitaja nilimwomba airudie.

#35 Kirungu
Mwiko wa ugali.

#36 Fundi Kitako
Nimefungua picha zako kwenye kompyuta, nikazikuza. Mkuu, risasi tisa ni 9.3x62 kweli. Lakini mbili za mwisho kulia ganda ni refu zaidi na kichwa ni kinene zaidi. Kama ganda ni milimita 68 basi hizo ni 10.75x68 Mauser, ile ambayo solidi zake zilikuwa na sifa mbaya ya kujikunja kwenye fuvu la tembo. Bunduki moja haiwezi kupiga zote mbili.

#37 Mtoto wa Bwana Nyama
Mama anasema mzee alikuwa na bunduki moja tu.

#38 Mzee wa Rungwa
Mwulize mama tena, taratibu, jioni.

#39 Ngoja Waje
Naongeza karanga.